Nilivyojenga Kampuni Isiyobomoka: Mrunda wa Timazi

Sijawahi kumwacha mtu wangu hata mmoja chini ya kifusi. Iandike hiyo, ibandike ukutani. Kwenye ujenzi kampuni nyingi hufa kabla rangi ya bango lao haijakauka, na yangu bado ipo. Ukiniuliza siri yake nitakujibu bila kupepesa macho: tunza watu wako.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mwandishi mmoja mwaka jana, nikiwa nimevaa kofia ngumu ambayo haijawahi kuonja vumbi. Akaandika yote. Mama akaikata ile habari, akaitia kwenye fremu.

Sasa nisikilize nikwambie jinsi nilivyowatunza.

Kwa waliokosa wiki iliyopita, na kwa wale waliofunga viatu kwa gazeti kabla ya kulisoma: nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kidato cha nne, na mjomba. Cheti kilinipa mdomo. Mjomba alinipa kazi. Ni kaka yake mama, fundi mwashi, na watu walimwita Timazi kwa sababu ukuta wake ukiupima kwa ile kamba yenye risasi chini, hata unywele haupiti katikati.

Kampuni tuliianzisha pamoja. Kwenye karatasi niliandika jina langu peke yangu.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Karatasi zako, zege langu."

Nikaagiza watu wote waniite Mkurugenzi. Wakaniita, wengine wakiziba midomo. Mjomba peke yake ndiye aliyegoma. Sisi wawili tunaitana "mjomba", mimi kwake na yeye kwangu, ndivyo tulivyozoeana tangu nikiwa mdogo.

"Nimekubeba mgongoni ukanikojolea," alisema mbele ya vibarua. "Mkurugenzi gani huyo?"

Walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Na mimi nilicheka. Kisha nikaiweka moyoni, mahali pakavu, isiharibike.

Tulikuwa na seti moja tu ya mirunda, ile miti inayosimamishwa chini ya zege bichi ili ilibebe mpaka likomae. Sheria ya mjomba ilikuwa siku ishirini na moja. Hakuziandika popote. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alama ya chaki haioni tena, kwa hiyo kila asubuhi alikata mkato mdogo kwa msumeno kwenye mrunda wa kwanza, ule wa karibu na mlango, kisha anaipapasa mikato yote kwa kidole gumba. Mkato mmoja, siku moja. Ikifika ishirini na moja, ndipo mirunda inatolewa.

"Mjomba, unahesabu siku kama mfungwa," nilimtania.

"Mfungwa ni yule atakayekosea kuhesabu," akanijibu, akapuliza unga wa mbao kwenye meno ya msumeno.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipoahidi mirunda hiyohiyo kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza, jengo la madarasa, zege la ghorofani lilikuwa limeshamwagwa. Kazi ya pili ilikuwa maduka ya Tajiri mmoja, aliyetaka zege lake limwagwe Jumatatu, la sivyo atatafuta kampuni ya watu wazima. Alisema hivyohivyo: ya watu wazima.

Na mjomba alikuwa amelazwa tangu Alhamisi. Anapasuliwa macho.

*

Jumapili mchana nilikwenda kwenye madarasa na lori na vibarua sita ambao hawakunijua wala sikuwajua. Hapakuwa na mtu mwingine.

Mkubwa wao aliinua macho juu, akaliangalia zege kama mtu anayemwangalia mbwa wa jirani.

"Bosi, hili limekomaa?"

Nikapanda kwenye ngazi, nikaligonga kwa ngumi mara tatu.

"Hodi!" nikaliambia zege.

Wakacheka.

"Mmesikia? Limeitika. Toeni."

Nilijua bado wiki nzima. Sitaki useme sikujua. Nilijua vizuri sana, na nilipiga mluzi wakati wakitoa.

Waliufikia ule wa karibu na mlango, mmoja akaugeuza mikononi.

"Huu umekatwakatwa. Hautabeba kitu."

"Utupe kule," nikasema, nikaonyesha rundo la kuni nje ya jiko la mpishi wetu.

Lori likaondoka na mirunda mingine yote. Nikabaki nimesimama chini ya lile zege, nikalitazama. Halikufanya lolote. Nikaliambia, "Unaona? Mjomba anakudekeza tu."

*

Mpishi wetu tulimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kila asubuhi. Jumatatu nilimkuta ameinama kwenye kuni zake.

"Mkurugenzi, huu si mti wa Timazi?"

"Ulikuwa. Umestaafu. Uchome."

"Uchomwe?"

"Shangazi, kuni hujui kazi yake? Unatia motoni, zinawaka, chungu kinachemka. Nikuchoree?"

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Sawa," ile sawa ya wanawake wa umri wake ambayo ukiipima haina hata gramu moja ya kukubali.

Kabla sijamjibu akaingia Redio.

Redio alikuwa seremala wetu. Jina lilimfaa: alikuwa hazimiki. Aliongea akiwa na misumari mdomoni, aliongea akiwa chooni, na asubuhi ile alikuwa katikati ya kisa cha shemeji yake aliyekwenda kuposa akakuta bibi harusi mtarajiwa ni yule aliyemwibia baiskeli.

"Basi shemeji akasimama mlangoni, akamwangalia hivi... Mkurugenzi, mbona mirunda haipo?"

"Imemaliza kazi."

"Timazi kasema?"

Hapa ndipo pangeweza kuisha. Ningesema hapana, Redio angerudi nyuma hatua tatu, na leo ningekuwa nakuandikia kisa cha baiskeli.

"Kasema," nikajibu.

"Basi kama Timazi kasema." Akachukua nyundo yake, akaingia ndani kung'oa misumari kwenye mbao zilizobaki. "Sasa sikilizeni, yule binti akamwambia shemeji, akamwambia..."

Mpaka leo sijui yule binti alimwambia nini.

Zege halikuanguka kwa kishindo kama kwenye filamu. Lilikohoa kwanza. Kisha vumbi likatoka mlangoni na madirishani kwa pamoja, jeupe, na ndani ya vumbi palikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Redio alikuwa kimya.

Shangazi ndiye aliyeingia. Si mimi. Mimi nilikuwa natafuta kofia yangu ngumu.

*

Mguu wa Redio waliukata Jumanne, juu ya goti. Jumatano nikafunga kazi, nikawaambia wote waende makwao mpaka nitakapowaita. Alhamisi akaja Mkaguzi.

Alikuwa mama mwembamba kutoka ofisi inayosajili makampuni ya ujenzi, mwenye kalamu nyekundu aliyokuwa akiigonga kwenye meno. Alizunguka kifusi mara mbili.

"Mirunda ilitolewa mapema," akasema mwishowe. "Hilo haliulizwi. Ninachouliza ni nani alitoa amri. Ikiwa ni fundi, namfungia fundi, hashiki mwiko tena maisha yake yote. Ikiwa ni mwenye kampuni, naifuta kampuni."

"Fundi mkuu," nikasema.

Haikuchukua hata pumzi moja. Nimewahi kusita zaidi nikichagua soksi.

"Ana macho mabovu," nikaongeza. "Alihesabu vibaya kabla hajaenda kulazwa, akatuachia amri tuitoe. Mimi ni mtu wa ofisini tu, mama. Namsikiliza fundi wangu."

"Yuko wapi?"

"Hospitali."

"Basi nataka maelezo yake, na sahihi yake. Na akitoka, nataka aseme mwenyewe mbele yangu."

Nikayaandika maelezo jioni ileile. Mwalimu wangu wa Kiswahili, popote alipo, ajivunie: hayakuwa na kosa hata moja la tahajia.

*

Mjomba alikuwa amekaa kitandani na bandeji machoni pande zote mbili, mikono juu ya shuka kama mtu anayesubiri kupewa mtoto ambebe.

"Nani huyo?"

"Mimi, mjomba."

"Mjomba! Karibu. Kaa." Akapapasa ukingo wa kitanda kunitafutia nafasi. "Wanasema Jumamosi ijayo wanafungua jicho moja. Haya, zege langu halijambo?"

"Halijambo, mjomba. Limelala."

Ndiyo, nilisema hivyo. Niliona ni mzaha mzuri. Nilitamani hata kuwe na mtu pale wa kuusikia.

"Mikato isikutie shaka," akasema, "nimemwachia..."

"Mjomba, daktari amesema usiongee sana."

"Aa. Haya."

"Nina habari mbaya. Redio ameumia mguu kazini. Vibaya. Kuna karatasi hapa inataka sahihi ya fundi mkuu, bila hiyo hawaendelei kumtibu."

Alikaa wima. "Redio? Redio wangu? Na wewe umekaa hapo unaniambia nisiongee? Lete!"

"Nikusomee kwanza?"

Niliuliza. Lazima niseme niliuliza, kwa sababu nilijua jibu.

"Unisomee nini na mtu anaumwa! Nishike mkono, nionyeshe pa kuandika."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mgumu, una nyufa za saruji ambazo maji ya hospitali yalishindwa kuzitoa. Nikauweka kwenye mstari. Akaandika jina lake akiwa haoni chochote, na nakuapia, ile sahihi ilinyooka kama imepimwa.

"Mwambie Redio nikitoka nitamchongea gongo zuri," akasema.

Redio alikuwa ghorofa ya juu yake. Sikupanda.

*

Zikapita siku kumi. Jicho moja likafunguliwa, linaona mwanga na vivuli, basi. Nikaenda kumchukua kwa gari, maana Mkaguzi alikuwa anatusubiri kwenye ofisi yetu ya mabati, palepale kwenye madarasa. Njiani ndipo nilipomwambia.

"Mjomba, zege liliporomoka. Ndilo lililomuumiza Redio."

Akageuza uso upande wangu.

"Siku ya ngapi?"

"Mwenye kuhesabu ni wewe, mjomba."

"Nani alitoa mirunda?"

"Wewe ulisema tuitoe."

"Mimi?"

"Siku ile unaondoka. Ulisema zimetimia. Hukumbuki? Ulikuwa na hofu ya kupasuliwa, ulikuwa unaongea haraka haraka."

Akaanza kusugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, taratibu, kama anatafuta kitu kidogo kilichomponyoka.

"Nilidhani niliacha mtu anihesabie," akasema. "Labda ni dawa."

"Ni dawa, mjomba."

Sikumuuliza ni mtu gani. Mwongo aliyekomaa angeuliza. Mimi nilikuwa bado mbichi, kama lile zege.

"Kwa hiyo mguu wa Redio ni mimi," akasema, si kwangu, kwa kioo cha mbele.

Ningeweza kusimamisha gari. Badala yake niliunyoosha mkanda wake, ulikuwa umejikunja begani.

*

Mkaguzi alikuwa ameshakaa. Nilikuwa nimepanga kila kitu: meza imefutwa, viti vitatu, na nilikuwa nimempigia Shangazi aje atupikie chai, ili Mkaguzi aone kampuni yenye utaratibu. Nilimwita mwenyewe, kwa simu yangu mwenyewe. Kuna siku nikikumbuka hilo nacheka peke yangu mpaka mke wangu anawasha taa.

Mkaguzi akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa.

"'Mimi, fundi mkuu, nakiri kwamba kwa sababu ya ubovu wa macho yangu nilihesabu vibaya siku za zege, nikaamini zimetimia ishirini na moja, na kabla ya kwenda hospitali nikaagiza mirunda itolewe...'"

Shangazi alikuwa ameingia na sinia la vikombe. Akasimama mlangoni, vikombe vikigongana.

"'Mkurugenzi alinishauri tusubiri, lakini nilishikilia msimamo wangu.'" Mkaguzi akashusha karatasi. "Mzee, maneno haya ni yako?"

Mjomba aligeuza uso kunitafuta. Lile jicho lake moja lilipita juu yangu, likaenda ukutani, likarudi.

"Hii ndiyo karatasi ya Redio, mjomba?"

"Ndiyo hiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Nadhani hapo alielewa nusu. Nadhani ile nusu nyingine aliamua kutoielewa, kwa ajili yangu.

"Kama sahihi ni yangu, andika, mama. Mguu wa yule kijana ni wangu. Mwiko nauweka chini."

Mkaguzi akafungua kifuniko cha ile kalamu nyekundu. Mimi niliona kampuni yangu ikisimama wima, ghorofa juu ya ghorofa, miaka na miaka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria rangi ya bango jipya.

"Nani kahesabu vibaya?"

Alikuwa Shangazi.

"Weka chai, Shangazi, uende," nikasema. "Hiki ni kikao."

"Nimeuliza. Nani kahesabu vibaya?"

"Shangazi! Wewe ni mpishi. Hesabu vikombe."

Akaviweka vikombe chini, sakafuni, sinia lote. Akatoka. Nikamtabasamia Mkaguzi, nikainua mabega, unajua tena watu wa jikoni.

Nje kukasikika kitu kinang'olewa. Kisha mabati yakalia, moja, mawili, yote, jiko zima la Shangazi likaporomoka kwa kelele nyuma yake. Dirishani nilimwona akija. Hakugeuka hata kulitazama. Begani alikuwa amebeba mti mweusi kwa moshi.

"Nilijaribu kuuchoma, ukakataa," akasema akiingia, akihema. "Umelowa saruji tangu juu mpaka chini, unatoa moshi tu. Nikausimamisha ushike bati langu."

Akaulaza juu ya magoti ya mjomba.

"Kaka, hesabu."

Mjomba hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kidole gumba kikapanda kwenye mti, kikakuta mkato wa kwanza, na uso wake wote ukabadilika, kama mtu aliyesikia sauti ya nduguye kwenye umati.

"Moja. Mbili. Tatu..." Mkaguzi alikuwa ameacha kugonga kalamu. "...kumi na moja. Kumi na mbili. Alhamisi. Hii ya Alhamisi, siku niliyolazwa."

Kidole kikasogea. Kikasimama.

"Hizi mbili ni nyembamba. Hizi si za msumeno wangu."

"Ni za kisu changu cha vitunguu," Shangazi akasema. "Ijumaa na Jumamosi. Si ulinikabidhi Alhamisi ileile, ukanishika mkono nizipapase zote? Ukaniambia zimebaki ngapi?"

"Tisa," mjomba akasema, polepole. "Nilikwambia tisa. Mtu asiguse kabla ya hapo." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kumbe sikuota."

"Nilikuja Jumatatu na kisu changu nikate ya Jumapili na ya siku ile," Shangazi akasema. "Nikaukuta kwenye kuni."

Mkaguzi akavua miwani. Ile karatasi yangu isiyo na kosa la tahajia akaigeuza uso chini.

"Nani aliyekwambia uuchome?"

Shangazi hakuninyooshea kidole. Aliokota kikombe kimoja sakafuni, akakifuta kwa kanga, akakiweka mezani mbele yangu, taratibu, kama mgeni anavyoandaliwa.

Mjomba hakuwa amemaliza. Kidole chake kilikuwa kimepita ule mkato wa kumi na nne na bado kinapanda, kwenye mti mtupu, kikipapasa, kikirudi nyuma, kikipapasa tena. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nacho, naapa, kilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Akainua uso. Safari hii lile jicho moja halikukosea, lilikuja moja kwa moja mpaka kwangu, likatua.

"Zile saba ziko wapi," akaniuliza, "Mkurugenzi?"